Mabomba ya bwawa la zamani: yang'olewe au yazibwe?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja, yaani mabwawa ya kuogelea yaliyojengwa miaka mingi iliyopita, ambayo wenye nayo sasa wanataka kuyavisha vigae vipya. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo mengi ambayo wengine pia wameyauliza.

SWALI: Mhandisi, salaam. Ninaendesha nyumba ya wageni Mikocheni, Dar es Salaam, ambayo marehemu mume wangu aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uani kuna bwawa la zege lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, kina chake kikianzia mita 1 na kuishia mita 2. Tangu mwaka jana maji yanapungua kuliko kawaida, hata kila asubuhi kijana wa bustani hulazimika kuburuta mpira kwenda kujazia, na chini ya matundu yanayorudisha maji bwawani kumetokea michirizi ya kutu. Nimekusanya fedha za kubadilisha vigae vyote na kutengeneza upya sakafu inayozunguka bwawa. Fundi wa kwanza amesema mabomba ya chuma yaliyomo yaachwe, kwa kuwa chuma cha zamani hakifi, naye ataziba panapovuja. Wa pili anasema yang'olewe yote, na bei aliyonitajia imenitoa jasho. Nimsikilize yupi?
Mama mwenye nyumba ya wageni, Mikocheni

JIBU: Mama, pole kwa jasho hilo. Kuhusu mabomba fundi wa pili ndiye mkweli, ingawa bei yake inafaa kuchambuliwa kipengele kwa kipengele, na kabla hajashika nyundo kuna mambo ambayo anapaswa kukuonyesha kwa vipimo.

Bomba la chuma la miaka ile lilipakwa zinki ndani na nje, na zinki hiyo ndiyo iliyokuwa ikiliwa kwa niaba ya chuma. Maji ya bwawa yana klorini, na mara nyingi huongezwa asidi ya kushusha pH (kipimo cha uchachu wa maji). Yakizunguka ndani ya bomba kwa miaka arubaini, zinki hukwisha na kubaki chuma kitupu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo bomba hujiziba taratibu kutoka ndani. Ukikata bomba la inchi moja na nusu la umri huo, mara nyingi utakuta tundu ambalo kidole gumba kinapenya kwa shida, limezungukwa na magamba meusi na ya kahawia yanayomomonyoka ukiyagusa. Udhaifu huanzia kwenye maungio, kwa sababu aliyechonga uzi wa kufungia aliupunguza unene wa bomba na kuiondoa zinki mahali hapohapo. Ndiyo sababu siungi mkono wazo la kuziba panapovuja. Spana inayobana ungio moja huzungusha bomba zima, na ungio la pili ambalo lilikuwa limeshikiliwa na kutu tu likaachia. Utaziba mwezi huu, na mwakani utavunja vigae vipya ulivyovilipia.

Hata hivyo, si lazima maji yote yanayopotea yawe yanapotelea kwenye mabomba. Yanaweza kupita kwenye ufa wa zege, pembeni mwa skima (kisanduku cha ukutani kinachovuta maji ya juu pamoja na takataka zinazoelea), au nyuma ya taa. Anza na kipimo cha ndoo, ambacho hakina gharama. Iweke ndoo juu ya ngazi ya bwawa, itie maji ya bwawa mpaka usawa wa ndani ulingane na usawa wa nje, chora alama mbili kwa kalamu isiyofutika, moja ndani ya ndoo na nyingine upande wa nje, kisha usijazie bwawa kwa saa 24. Kinachopungua ndani ya ndoo kimekwenda na jua na upepo. Kinachopungua nje ni hicho pamoja na kinachovuja. Fanya hivyo siku ambayo pampu inafanya kazi, na urudie siku ambayo imezimwa. Upungufu ukiwa mkubwa zaidi pampu inapofanya kazi, shuku kwanza mabomba ya kurudisha maji, maana hayo ndiyo yaliyo chini ya presha. Ukiwa uleule siku zote mbili, chunguza pia zege, skima na taa. Na ukiona mapovu ya hewa yakipita kwenye kikapu cha pampu, upande wa kuvuta una mahali panaponyonya hewa, mara nyingi karibu na pampu yenyewe.

Hesabu yake ni hii. Uso wa bwawa lako una mita za mraba 50, kwa hiyo kila sentimeta moja inayoshuka ni lita 500. Tuseme jua na upepo vinachukua nusu sentimeta kwa siku. Bwawa likishuka sentimeta 3, lita 1,250 zinaingia ardhini kila siku, na kwa mwezi hizo ni zaidi ya uniti 37 kwenye ankara yako, zikiwa ni maji uliyokwisha kuyasafisha na kuyatia dawa.

Kipimo cha pili ni cha presha, na hufanywa bomba kwa bomba. Fundi anaziba mdomo wa bwawani kwa kizibo cha mpira, anaunganisha geji ya presha upande wa chumba cha mashine, anajaza maji na kuyasukuma hadi bar 1.5 au 2 (bar ni kizio cha presha), kisha anafunga na kuitazama sindano kwa nusu saa. Bomba lisilovuja huishikilia presha hiyo. Asitumie hewa ya kompresa. Hewa iliyobanwa huhifadhi nguvu nyingi, na bomba la plastiki likipasuka linarusha vipande kama risasi, ilhali maji yakipasua bomba yanamwagika tu. Kipimo hiki kinakupa pia ushahidi wa kumwonyesha fundi wa kwanza, kama bado ana hamu ya ubishi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya kutu, yaani kulikausha bwawa. Sehemu nyingi za Mikocheni maji ya ardhini yako karibu, hasa wakati wa masika na majuma kadhaa baada yake. Bwawa likijaa, uzito wa maji unalikandamiza. Likiwa tupu, maji ya ardhini yanalisukuma juu kama mtumbwi. Tuchukulie sakafu na kuta zako zina unene wa sentimeta 15. Zege lote litakuwa na uzito wa takriban tani 34. Maji ya ardhini yakisimama kwa wastani wa mita moja juu ya kitako cha bwawa, yanasukuma kwa nguvu ya tani 50. Udongo na sakafu ya pembeni husaidia kushikilia, lakini mimi sizihesabu nguvu hizo, na nimeona bwawa lililonyanyuka upande mmoja kiasi cha unene wa tofali, mabomba yote yakiwa yamekatika palepale yalipoingilia ukutani. Bwawa la namna hiyo halikarabatiki kwa maana ya kweli.

Kwa hiyo, panga kazi hii kati ya Julai na Septemba. Kabla ya kutoa maji, chimba shimo pembeni mwa upande wa kina, liwe la chini kuliko sakafu ya bwawa, uache siku mbili uone maji yanasimama wapi. Yakiwa juu ya kitako, weka pampu ya muda ndani ya shimo hilo, na iendelee kuvuta mchana na usiku kwa muda wote bwawa litakapokuwa tupu, jenereta ikiwa tayari kwa saa za kukatika umeme. Muulize pia fundi kama kwenye dreni ya chini, yaani tundu la sakafuni linalotoa maji bwawani, kuna valvu ya kupunguza msukumo, ambayo huruhusu maji ya ardhini kuingia bwawani badala ya kulinyanyua. Kwenye mabwawa ya umri huo, kama ipo, mara nyingi imeganda, hivyo ibadilishwe. Maji unayoyatoa yaache siku kadhaa bila klorini kabla ya kuyamwaga, na usiyaelekeze kwenye ukuta wa jirani.

Tukija kwenye mabomba mapya, kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuyapimia kwa matundu ya zamani. Bwawa lako lina mita za ujazo 75. Ukitaka maji yote yapite kwenye filta kila baada ya saa 6, ambalo ni lengo la busara kwa nyumba yenye wageni, pampu inapaswa kupitisha mita za ujazo 12.5 kwa saa. Kwenye mabwawa mengi ya wakati ule skima na dreni viliunganishwa chini ya ardhi na kufika kwenye pampu kwa bomba moja la inchi moja na nusu. Bomba hilo, hata likiwa jipya, lingelazimisha maji hayo kwenda kasi ya zaidi ya mita 2.6 kwa sekunde, ilhali upande wa kuvuta haifai kuzidi mita 1.8. Bomba la uPVC (plastiki ngumu) la milimita 63, lenye nafasi ya ndani ya milimita 57, linapitisha maji hayohayo kwa mita 1.4 kwa sekunde, na msuguano wake ni takriban moja ya tano ya ule wa bomba dogo. Msuguano unaopungua ni umeme unaopungua kila mwezi, kwa kuwa pampu ndogo zaidi itaweza kazi ileile. Fundi anayekuuzia pampu kubwa kwenye mabomba membamba anakuuzia kelele na ankara ya umeme.

Kila mkondo uwe na bomba lake hadi chumba cha mashine, yaani kila skima kivyake, dreni kivyake, na sehemu ya kuunganishia mpira wa kufyonza uchafu kivyake, kila moja likiwa na valvu yake. Siku mkondo mmoja ukivuja unaufunga na wageni wanaendelea kuogelea. Pampu na filta zifungwe kwa yunioni, yaani viungo vinavyofunguka, ili ziweze kutolewa bila msumeno. Kona za nyuzi 90 zipunguzwe, na panapowezekana zitumike mbili za nyuzi 45. Kabla ya mdomo wa pampu pawe na kipande kilichonyooka chenye urefu wa angalau mara tano ya kipenyo cha bomba, maana kona inayobandikwa moja kwa moja kwenye pampu huifanya ingurume na kuchakaa mapema.

Mabomba mapya si lazima yafuate njia ya yale ya zamani. Kwa kuwa utavunja sakafu ya pembeni kwa vyovyote vile, mtaro uzunguke bwawa chini ya sakafu hiyo, uwe na kina cha sentimeta 50 hivi na mchanga safi usio na mawe chini na juu ya mabomba. Mabomba ya chuma yaliyo mbali na ukuta yanaweza kubaki ardhini yakiwa yamezibwa zege pande zote mbili, kwani kuyachimbua ni gharama isiyo na faida. Lakini vipande vinavyopita ndani ya ukuta wa bwawa viondolewe vyote, kwa sababu chuma kinachopata kutu ndani ya zege huvimba na kulipasua, na michirizi itarudi juu ya vigae vyako vipya.

Hapo ukutani ndipo ufundi unapopimwa. Zege haling'ang'anii plastiki laini, na maji hupata njia baina yake. Fundi makini hupaka gundi kuzunguka bomba mahali litakapopita ukutani, akainyunyizia mchanga mkavu kabla haijakauka, hivyo bomba likapata ngozi ya mkwaruzo ambayo saruji itaishika. Kisha huongeza pete ya kuzuia maji katikati ya unene wa ukuta, na kulijaza tundu kwa saruji maalumu isiyosinyaa inapokauka. Ukimwona anajaza kwa mchanganyiko uleule wa plasta aliobakiza asubuhi, msimamishe.

Dreni ya chini ndiyo ngumu, kwa kuwa bomba lake linapita chini ya sakafu ya bwawa. Likifaulu kipimo cha presha na likiwa la plastiki, liache. Lako ni la chuma, kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni kukata sakafu kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka dreni hadi ukuta wa karibu, kulaza bomba jipya (dreni zikiwa mbili, kama nitakavyomweleza mzazi wa Arusha hapa chini), kufunga nondo mpya kwenye zile za zamani na kumwaga zege. Ya pili ni kuiziba dreni moja kwa moja na kuacha skima zivute peke yake, huku matundu mawili ya kurudishia yakishushwa karibu na sakafu ya upande wa kina ili maji ya huko yasilale. Mabwawa mengi hufanya kazi vizuri kwa njia hii ya pili. Kwako wewe, hata hivyo, napendelea ya kwanza, kwa sababu valvu ya kupunguza msukumo inahitaji mahali pa kukaa, na Mikocheni si mahali pa kuishi bila hiyo.

Mtaro usifukiwe kabla ya kipimo. Mabomba yajazwe maji, yapandishwe hadi bar 2, na sindano isishuke kwa saa mbili ukiwa umesimama hapo wewe au mtu unayemwamini. Tena yaachwe na presha hiyo wakati wa kufukia na kumwaga zege, kwa sababu koleo au toroli likitoboa bomba sindano itasema siku hiyohiyo. Piga picha mtaro ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana ndani ya picha, na uzihifadhi pamoja na hati za nyumba.

Kuna jambo moja la umeme ambalo fundi bomba anaweza asilifikirie. Katika nyumba za zamani waya wa ethi mara nyingi ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma, nalo likawa ndiyo njia ya umeme kwenda ardhini. Siku bomba hilo linapobadilishwa kuwa plastiki, njia hiyo inakatika kimyakimya, taa zinaendelea kuwaka na pampu inaendelea kuzunguka, lakini hitilafu ikitokea umeme hauna pa kwenda ila kwenye mwili wa aliyeshika reli ya ngazi akiwa majini. Mwite fundi umeme mwenye leseni kabla maji hayajarudi: aweke ethi mpya, aunganishe pamoja reli, ngazi, nondo na mwili wa pampu, aweke swichi ya kukata umeme unaovuja wa miliampia 30, na taa za ndani ya maji ziwe za volti 12.

Kuhusu bei, mwombe fundi wa pili aandike kando gharama za kuvunja na kuzoa kifusi, za mabomba na valvu, za zege, na za vigae. Utaona kwamba mabomba yenyewe ni sehemu ndogo, na kwamba kuvunja sakafu na kubandua vigae ni kazi uliyokwisha kuitengea fedha kabla hujawaita mafundi hawa. Kama ameihesabu mara mbili, hapo ndipo pa kuzungumzia.

SWALI: Kaka mhandisi, mimi ni fundi bomba hapa Nyali, Mombasa. Katika kukarabati bwawa la hoteli ndogo nimekuta mabomba ya plastiki ya zamani ya vipimo vya inchi, ilhali dukani kuna viungo vya milimita. Bomba la inchi moja na nusu linaingia kwenye soketi ya milimita 50 likicheza. Nimezoea kuupasha moto mwisho wa bomba hadi ulainike, nikauvisha juu ya lingine na kutia gundi. Msimamizi amenikataza. Ana haki?
Fundi, Nyali

JIBU: Ana haki, ndugu yangu, ingawa najua kazi hiyo umeifanya kwenye majumba mengi na maji yanatoka hadi leo. Bomba la nyumbani linalopokea maji ya tangi la juu ya dari halipigwi na presha inayopanda na kushuka kila pampu inapowashwa na kuzimwa. Ukilipasha moto bomba la PVC hulainika likizidi nyuzi 80 hivi, lakini moto wa karatasi au wa stovu haulipashi sawasawa. Upande mmoja unaungua na mwingine bado ni mgumu, na ukuta unaoutanua unakuwa mwembamba palepale unapotaka uwe na nguvu. Soketi ya kiwandani imetengenezwa kwa mteremko mdogo ili bomba likabane ndani yake. Ya motoni haina mteremko huo, na gundi inabaki kuwa kijazio cha nafasi. Gundi hii haijatengenezwa kujaza nafasi. Kazi yake ni kuyeyusha nyuso mbili zinazogusana hadi ziwe kitu kimoja.

Bomba la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3, na la inchi mbili lina milimita 60.3, ndiyo maana linacheza kwenye soketi za milimita 50 na 63. Viungo vya kuhamisha kutoka inchi kwenda milimita vipo; kama duka la karibu halina, viagizwe. Ushauri wangu ni kwamba kwa bwawa lililokwisha kuvunjwa sakafu, ung'oe mabomba ya inchi yote na kulaza ya milimita, ili atakayekuja baada yako asikutane na mchanganyiko.

Kwa gundi, fuata utaratibu hata kama mwenye kazi anakuharakisha. Kata bomba likiwa limenyooka, kwaruza kingo za ndani na nje, lijaribu likiwa kavu na uchore alama ya kina cha soketi. Safisha kwa dawa ya kusafishia, wala si kwa petroli. Paka gundi pande zote mbili, sukuma mara moja hadi kwenye alama, shikilia kwa sekunde 30, futa gundi iliyozidi, na usitie presha kabla ya saa 24. Gundi iliyokwisha kuwa nzito kama asali itupe, na usiizimue kwa kitu chochote. Tazama pia maandishi kwenye bomba: liwe limeandikwa PN10 au PN16, yaani la kubeba presha ya bar 10 au 16. Bomba jembamba la maji taka ni rahisi na linafanana kwa macho, lakini halikutengenezwa kubeba presha, na huko Mombasa kama hapa nimelikuta zaidi ya mara moja likiwa limezikwa chini ya sakafu ya bwawa.

SWALI: Mheshimiwa mhandisi, mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi katika shule moja ya Arusha. Shule inakarabati bwawa lake la miaka mingi ambalo lina dreni moja tu katikati ya sakafu, na kifuniko chake cha chuma kimevunjika. Mkandarasi anataka kubadilisha kifuniko peke yake. Je, inatosha?
Mzazi, Arusha

JIBU: Haitoshi, na naomba barua hii isomwe kwenye kikao chenu kijacho. Dreni moja inayovutwa na pampu moja kwa moja ni mtego. Mwili wa mtoto ukilifunika tundu lake, pampu inaendelea kuvuta bila kupata maji, na mvuto wote unaishia kwenye ngozi. Fanya hesabu: tundu la upana wa sentimeta 20 likivutwa kwa nusu ya kanieneo ya hewa linamshika mtoto kwa nguvu ya takriban kilo 160. Hakuna mwalimu anayeweza kumng'oa kwa mikono. Mwaka 2002 nchini Marekani mtoto wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje James Baker, alifariki kwa kunaswa namna hiyo kwenye bwawa dogo la maji ya moto. Mama yake alipigania mabadiliko, na mwaka 2007 ikapitishwa sheria yenye jina la mtoto huyo inayodai vifuniko salama, na kwa mabwawa ya umma yenye dreni moja ikadai kinga ya ziada.

Sakafu ikatwe, na mdai dreni mbili zilizoachana kwa angalau sentimeta 90, zikiunganishwa kwa bomba moja ambalo linachukuliwa katikati yake kwenda kwenye pampu. Mtoto akifunika moja, maji yanatoka kwenye nyingine na mvuto unakufa. Pasiwe na valvu yoyote baina ya dreni hizo mbili, maana valvu inayoweza kufunga moja inairudisha shule palepale ilipo leo. Vifuniko viwe vya mgongo uliobinuka, vyenye cheti cha kuzuia kunasa mwili na nywele, na vifungwe kwa skrubu za chuma kisichopata kutu. Tundu la mpira wa kufyonza uchafu, lililo ukutani karibu na uso wa maji, nalo lina hatari hiyohiyo, kwa hiyo liwe na mfuniko unaojifunga wenyewe kwa springi. Swichi ya kuzimia pampu iwekwe pembeni mwa bwawa, mahali ambapo mtu mzima yeyote anaiona na kuifikia, isiwe ndani ya chumba cha mashine kinachofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mlinzi.

Mpaka kazi hiyo ikamilike, bwawa lenye kifuniko kilichovunjika lisitumiwe hata kwa dakika moja. Kama fedha ya kukata sakafu haipo, zibeni dreni kabisa na mtumie skima, kama nilivyomweleza mama wa Mikocheni.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Muscat, Oman. Bwawa letu liko uani na mashine ziko nyuma ya nyumba, mabomba ya PVC yakipita mita kadhaa juu ya ardhi kwenye jua. Tumeyabadilisha mwaka huu baada ya yale ya zamani kukatika kama biskuti. Tufanye nini ili haya yadumu?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam. Jua ndilo lililoyaua. Miale yake huivunjavunja PVC kuanzia juu ya ngozi yake; kwanza bomba hupauka, kisha hukosa kunyumbuka, na mwishowe hupasuka kwa mshindo mdogo wa pampu. Yafukieni panapowezekana. Panaposhindikana, yapakeni rangi nyeupe ya maji, si ya mafuta, kwa sababu vimumunyisho vya rangi ya mafuta huidhuru plastiki. Au yavisheni kasha. Kumbukeni pia kwamba presha iliyoandikwa kwenye bomba ni ya maji ya nyuzi 20 hadi 25, na uwezo huo hupungua kadiri joto linavyopanda, hata likifika nyuzi 60 bomba halifai tena kwa presha. Kwa kiangazi cha kwenu, chagueni PN16 badala ya PN10, na yafungeni kwenye vishikizo vinavyoliachia bomba nafasi ya kurefuka na kusinyaa, kila baada ya mita moja hivi. Pampu isiwashwe saa za adhuhuri ikiwa maji yamesimama bombani tangu asubuhi. Iwasheni alfajiri au baada ya magharibi.